Maunti Inapokataa: Ushauri kwa Mafundi wa Seva Kisii na Nyamira

Swali hili limekuwa likirudi kila mara. Linatoka kwa mafundi wa maabara za vyuo mjini Kisii, kwa vijana wanaotunza kompyuta za hospitali na sacco kule Nyamira, Keroka na Ogembo, na kwa walimu waliokabidhiwa chumba cha seva kwa sababu wanajua kompyuta kuliko wenzao. Wote huuliza jambo moja: "Tulifunga seva tatu, tukaunda hifadhi ya pamoja, na jana ilikuwa inafanya kazi. Leo maunti inakataa. Tufanye nini?"

Jibu la kwanza: tulia. Maunti ikikataa, faili zako kwa kawaida bado ziko kwenye diski za seva. Kinachozipoteza ni haraka ya mtu anayefuta volumu ili aiunde upya, au anayebandika amri aliyoiokota mtandaoni bila kujua inafanya nini. Jibu la pili: mara nyingi kosa haliko kwenye amri ya `mount`. Liko chini yake, kwenye stima, waya, majina, poti au diski. Kwa hiyo tutaanzia chini na kupanda hatua kwa hatua.

Mifano yangu ni ya GlusterFS, kwa kuwa ndiyo mnayoulizia zaidi. NFS na Ceph zina sehemu yao huko mbele. Katika mifano yote seva ni seva1, seva2 na seva3, volumu inaitwa `pamoja`, briki zake (yaani folda za kwenye seva zinazobeba faili zenyewe) ziko kwenye `/data/diski1/briki`, na volumu tunaimaunti kwenye folda ya `/mnt/pamoja`. Amri zote zinaendeshwa kwa mamlaka ya root.

## Kwanza, mambo manne ya kutofanya

- Usifute volumu. Kuifuta hakutibu waya uliochomoka wala poti iliyofungwa. Ukiiunda upya, tatizo litakungoja palepale, na sasa utakuwa na faili zisizo na mwenyewe.
- Usizime fayawoli ukaiacha hivyo. Jifunze kufungua poti zinazohitajika tu. Utaratibu uko hapa chini.
- Usiandike wala kufuta faili moja kwa moja ndani ya folda ya briki kwenye seva. Watumiaji na programu wapitie maunti peke yake. Ukiingilia kwa mlango wa nyuma, nakala za seva tatu zitaacha kulingana.
- Usizime seva zote tatu kwa pamoja ukitumaini mambo yatajirekebisha. Huenda mbili zilikuwa nzima na moja tu ndiyo mgonjwa.

## Kinachotokea unapobonyeza Enter

Ukielewa safari mbili zifuatazo, nusu ya kazi umeimaliza.

Safari ya kwanza: kompyuta ya mtumiaji inaenda kwa seva uliyoitaja, kupitia poti 24007, kuomba maelezo ya volumu. Safari ya pili: ikishayapata, inasoma majina ya seva zote zenye briki, kisha inaunganishwa na kila briki moja kwa moja, kwa poti ya briki hiyo.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kompyuta ya mtumiaji inaijua seva1 lakini haijawahi kuambiwa seva2 na seva3 ziko wapi. Safari ya kwanza inafaulu, ya pili inashindwa, na fundi anabaki akishangaa kwa nini `ping seva1` inajibu vizuri ilhali maunti imekataa.

## Hatua saba, kutoka chini kwenda juu

Zifuate kwa mpangilio. Usiruke hatua kwa sababu una hakika kosa liko kwingine.

1. Stima, waya na swichi

Nenda chumbani ukaangalie kwa macho. Je, seva zote zimewaka? Taa za poti za swichi zinamemeta? Kisha piga ping kwa anwani ya IP ya kila seva, si kwa jina. Isipojibu, angalia kama anwani imebadilika:

`ip addr`

Kosa hili ni la kawaida sana kwetu. Stima ikipotea, ruta inapowaka tena inaweza kugawa anwani mpya, na seva iliyokuwa na 192.168.10.11 ikajikuta na 192.168.10.37. Seva ya hifadhi haifai kutegemea bahati. Ipe anwani ya kudumu.

2. Majina

Kwenye kompyuta ya mtumiaji, andika:

`getent hosts seva1 seva2 seva3`

Majina yote matatu lazima yarudishe anwani sahihi. Jina likikosekana, au likileta anwani ya zamani, sahihisha `/etc/hosts`. Fanya hivyo kwenye kompyuta zote za watumiaji na kwenye seva zote, kwa maana kila mashine hutafuta majina kivyake.

3. Poti na fayawoli

Bado ukiwa kwenye kompyuta ya mtumiaji:

`nc -zv seva1 24007`

Soma jibu kwa makini, kwa kuwa kila jibu lina maana yake:

- *succeeded*: njia iko wazi. Endelea.
- *Connection refused*: mashine umeifikia, lakini huduma ya glusterd haijawaka hapo.
- *Connection timed out*: paketi zinamezwa njiani, au mashine imezimwa.
- *No route to host*, ilhali ping inajibu: mara nyingi ni fayawoli ya seva inayokataa.

Sasa poti za briki. Miongozo mingi ya zamani hukuambia ufungue 49152 na chache zinazofuata. Tangu toleo la 10, GlusterFS huchagua poti za briki bila mpangilio kati ya 49152 na 60999. Fundi aliyefungua poti tano pekee hupata maunti inayokubali leo na kukataa kesho baada ya seva kuwashwa upya. Kwenye kila seva ya Ubuntu, ukiruhusu mtandao wa ndani tu:

`ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 24007 proto tcp`

`ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 49152:60999 proto tcp`

4. Programu kwenye kompyuta ya mtumiaji

Ukiona *unknown filesystem type 'glusterfs'*, hakuna kosa kwenye klasta. Programu ya mtumiaji haijawekwa. Kwenye Ubuntu na Debian weka `glusterfs-client`. Kwenye jamii ya Red Hat weka `glusterfs-fuse`. Hakikisha pia kwamba `/dev/fuse` ipo. Ndani ya kontena mara nyingi huwa haipo hadi uiruhusu.

Linganisha matoleo kwa `glusterfs --version`. Mtumiaji wa toleo la zamani sana anaweza kukataliwa na klasta mpya.

5. Klasta na volumu

Ingia kwenye seva moja:

`gluster peer status`

Unatafuta maneno *Peer in Cluster (Connected)* kwa kila mwenzake. Ukiona *Disconnected*, rudi hatua ya 1 hadi ya 3, safari hii ukipima kati ya seva na seva. Ukiona *Peer Rejected*, maelezo ya volumu kwenye seva hiyo hayalingani na ya wenzake. Hapo usibahatishe. Nakili folda nzima ya `/var/lib/glusterd` mahali salama kabla ya kugusa chochote.

Kisha:

`gluster volume info pamoja`

Volumu mpya huwa kwenye hali ya *Created*, na haimauntiki mpaka uianzishe kwa `gluster volume start pamoja`. Wanaofunga klasta kwa mara ya kwanza husahau hatua hii kuliko nyingine yoyote.

6. Briki na diski zake

`gluster volume status pamoja`

Angalia safu ya *Online*. Herufi Y inaonyesha briki imewaka. Ukiona N, na kwenye nafasi ya poti kuna N/A, briki hiyo haijawaka. Nenda kwenye seva yake uulize:

`findmnt /data/diski1`

Ikiwa hakuna jibu, diski yenyewe haijamauntiwa kwenye seva. Mara nyingi sababu ni kwamba `/etc/fstab` ilitaja `/dev/sdb`, na baada ya kuwashwa upya diski ile imeitwa `/dev/sdc`. Tumia UUID inayoonyeshwa na amri ya `blkid`, kwa kuwa jina hilo halibadiliki.

Diski ikishamauntiwa, washa briki zilizolala bila kusumbua zilizo macho:

`gluster volume start pamoja force`

7. Amri yenyewe

Sasa, na ni sasa tu, rudi kwenye amri:

`mount -t glusterfs seva1:/pamoja /mnt/pamoja`

Hakikisha folda ya `/mnt/pamoja` ipo, jina la volumu halijakosewa hata herufi moja, na umetaja jina la volumu, si njia ya briki. Kuandika `seva1:/data/diski1/briki` ni kosa la wale waliozoea NFS.

## Jinsi ya kusoma logi

Amri ikishindwa, skrini hukuambia tu kwamba maunti imeshindikana na uangalie logi. Wengi huishia hapo. Fungua logi, kwa maana jibu lako limo humo. Jina la faili hutokana na mahali pa kumaunti: `/mnt/pamoja` hupata logi ya `/var/log/glusterfs/mnt-pamoja.log`. Usiisome yote. Chuja makosa:

`grep -E '\] (E|C) \[' /var/log/glusterfs/mnt-pamoja.log | tail -20`

Herufi E ni kosa, C ni kosa kubwa, W ni onyo, na I ni taarifa ya kawaida. Tuseme umepata mstari unaoanza hivi:

`[2025-04-14 14:07:31.482910 +0000] E`

Angalia ile `+0000`. Logi za Gluster huandikwa kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Kwa hiyo 14:07 ya kwenye logi ni saa kumi na moja na dakika saba jioni kwetu. Ukisahau hilo, utatafuta kosa la saa nane mchana, wakati ambapo kila kitu kilikuwa sawa, na utapuuza mstari ulioandikwa dakika ileile stima iliporudi.

Haya ndiyo maneno utakayokutana nayo mara nyingi, na pa kwenda ukiyaona:

- *DNS resolution failed on host*: jina halipatikani. Hatua ya 2.
- *failed to fetch volume file*: seva imefikiwa, lakini volumu uliyoitaja haijulikani. Linganisha herufi za jina na `gluster volume info`.
- *failed to get the port number for remote subvolume*: briki haijawaka. Hatua ya 6.
- *All subvolumes are down*: hakuna hata briki moja inayofikiwa. Anza hatua ya 3, kisha ya 6.
- *Transport endpoint is not connected*: muunganisho uliokuwepo umekatika, au briki zilizobaki hazifikii wingi unaohitajika. Zikishawaka, ondoa maunti iliyokwama kwa `umount -l /mnt/pamoja` na umaunti upya.

Briki ikigoma kuwaka, logi yake iko kwenye seva, ndani ya `/var/log/glusterfs/bricks/`. Ukikuta humo malalamiko kuhusu `trusted.glusterfs.volume-id`, simama. Gluster inakuambia kwamba folda iliyo mbele yake si ile iliyoizoea, na karibu kila mara ni kwa sababu diski haijamauntiwa na folda ni tupu. Mtandaoni utashauriwa uirudishe alama hiyo kwa `setfattr`. Usifanye hivyo juu ya folda tupu. Briki itawaka, ndiyo, lakini itaanza kuandika faili kwenye diski ya mfumo wa seva huku diski yako halisi ikikaa kando. Maunti diski kwanza.

## Baada ya stima kurudi

Nyanda zetu za juu ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi nchini Kenya. Unyevu wa Ziwa Victoria hukutana na vilima vyetu na mchana ukiisha mvua inashuka na radi. Ndiyo maana wengi wenu huona tatizo la maunti asubuhi, baada ya jioni ya mvua.

Mambo huenda hivi. Stima inarudi. Seva na kompyuta zinawaka kwa haraka, hasa zenye diski za SSD. Swichi nayo inawaka, lakini ikiwa imewekwa kinga ya zamani ya kuzuia mizunguko ya waya, kila poti husubiri sekunde 30 kabla ya kupitisha paketi. Ndani ya sekunde hizo kompyuta inajaribu kumaunti, haioni mtu, inakata tamaa. Dakika moja baadaye mtandao uko sawa kabisa, lakini hakuna anayejaribu tena. Fundi anafika asubuhi, anaandika amri ileile kwa mkono, na inakubali. Kesho yake tatizo linarudi.

Dawa iko kwenye `/etc/fstab` ya kompyuta ya mtumiaji, mstari mmoja:

`seva1:/pamoja /mnt/pamoja glusterfs defaults,_netdev,nofail,x-systemd.automount,backup-volfile-servers=seva2:seva3 0 0`

- `_netdev` inasema hifadhi hii inahitaji mtandao.
- `nofail` inazuia kompyuta kugoma kuwaka kwa sababu ya maunti moja.
- `x-systemd.automount` inamaunti pale mtu anapoifungua folda, na si lazima wakati wa kuwaka.
- `backup-volfile-servers` inaiwezesha safari ya kwanza kupitia seva nyingine endapo seva1 imelala.

Ukishaandika, endesha `systemctl daemon-reload`, kisha washa kompyuta upya uone mwenyewe.

Kuna jambo jingine kwa upande wa seva. Seva ya klasta ikiwaka peke yake baada ya giza, kwa kawaida haianzishi briki zake mpaka isikie angalau mwenzake mmoja. Hivyo kabla ya kuhangaika na seva1, hakikisha seva2 na seva3 nazo zimewaka.

Na kama diski ya XFS imekataa kumauntiwa baada ya stima kukatika ghafla, anza na `xfs_repair -n`, ambayo inaangalia bila kubadilisha kitu. Usikimbilie `xfs_repair -L`. Inafuta kumbukumbu ya maandishi ambayo hayajakamilika, na unaweza kupoteza faili za mwisho zilizoandikwa. Itumie pale tu njia nyingine zote zimeshindikana na una nakala kwingine.

## Kinga ya radi na kukatika kwa stima

- Weka swichi kwenye UPS, si seva peke yake. Seva zikiwaka huku swichi imelala, kila seva huona wenzake wametoweka, na klasta inaacha kufanya kazi ingawa mashine zote ni nzima.
- Iruhusu UPS izime seva kwa utaratibu. Programu ya Network UPS Tools, maarufu kama NUT, hufanya hivyo betri inapokaribia kuisha.
- Usivute waya wa shaba wa mtandao kutoka jengo moja hadi jingine. Radi ikipiga karibu, waya huo huingiza nguvu moja kwa moja kwenye swichi na seva. Kati ya majengo tumia faiba.
- Hakikisha nyaya za ardhini za jengo zimepimwa na fundi stima aliyehitimu. Kifaa cha kuzuia mawimbi ya umeme hakisaidii mahali pasipo na ardhi nzuri.
- Badilisha betri ndogo ya ubao wa kompyuta. Nyingi hutumia CR2032. Ikiisha, saa ya mashine hurudi nyuma stima inapokatika. Tumia `chrony` kwenye kila mashine, na uthibitishe kwa `timedatectl`.

## Kisii na Nyamira, klasta moja?

Taasisi nyingi zina ofisi katika miji yote miwili, na mafundi huuliza kama wanaweza kuweka seva moja Kisii, nyingine Nyamira na ya tatu Keroka, ziwe klasta moja. Ushauri wangu ni msifanye hivyo.

Gluster ikiandika faili, hungoja nakala zote. Kila herufi inayohifadhiwa Nyamira itangoja intaneti hadi Kisii na kurudi. Kiungo kikiwa kizito, programu zitakuwa nzito. Kikikatika, upande wenye seva chache utanyimwa hifadhi. Badala yake:

1. Weka klasta nzima katika jengo moja, kwenye swichi moja ya kasi.
2. Peleka nakala mji wa pili kwa georeplikesheni ya Gluster, ambayo haingojei, au kwa `rsync` ya usiku.
3. Ofisi ya pili ikihitaji faili mchana, ipitie huduma ya kawaida ya kupakua, si maunti.

Kama ni lazima mumaunti kupitia intaneti, pitisheni ndani ya VPN ya WireGuard. Kamwe usifungue poti 24007 kwa dunia nzima. Kwa kawaida Gluster haifichi data njiani, na taarifa za wagonjwa au za wanachama wa sacco zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Ndani ya WireGuard kuna mtego mmoja: ping ndogo inapita, `nc` inafaulu, lakini maunti inaganda bila kosa lolote. Pima paketi kubwa:

`ping -M do -s 1392 seva1`

Ikikataa huku ndogo zikipita, punguza MTU ya WireGuard kidogo kidogo mpaka ipite.

## Kwa wanaotumia NFS na Ceph

Hatua zilezile zinafaa, ila poti na maneno hubadilika.

NFS:

- Toleo la 4 linahitaji poti 2049 pekee. Matoleo ya zamani yanahitaji pia 111 na nyingine.
- *access denied by server*: anwani ya mtumiaji haimo kwenye `/etc/exports`, au hukuendesha `exportfs -ra` baada ya kuhariri.
- Chunga nafasi. `/data 192.168.10.0/24(rw)` inaupa mtandao wako ruhusa ya kuandika. Ukiacha nafasi kabla ya mabano, unaipa ruhusa hiyo kila kompyuta duniani inayoweza kuifikia seva.
- *Stale file handle*: ondoa maunti, kisha maunti upya.

Ceph:

- Fungua 3300 na 6789 kwa wasimamizi wa klasta, na zile zinazoanzia 6800 kwenda juu kwa diski na MDS (huduma inayotunza majina na maelezo ya faili).
- *mount error 110*: hukufikia wasimamizi. Angalia anwani na fayawoli.
- *mount error 5*: mara nyingi MDS imelala. Uliza `ceph mds stat`.
- *mount error 13*: jina la mtumiaji au ufunguo wake una kasoro.
- Saa za wasimamizi zikipishana kwa zaidi ya sekunde 0.05, Ceph hulalamika. Rekebisha saa kabla ya kuendelea.

## Maswali yanayofuata kila mara

"Seva mbili hazitoshi?" Zinatosha hadi siku zitakapoacha kuonana. Hapo kila moja inaweza kukubali maandishi yake, na hakuna wa kuamua nakala ipi ni ya kweli. Ongeza mashine ya tatu. Hata ikiwa dhaifu, inaweza kuwa arbita, ambayo huhifadhi majina na maelezo ya faili bila yaliyomo.

"Kuna nakala tatu, bakapu ya nini?" Mtu akifuta faili kwa makosa, inafutika kwenye seva zote tatu papo hapo. Bakapu ni lazima, na ikae nje ya klasta.

"Watumiaji wanaona folda tupu, je, faili zimepotea?" Andika `mountpoint /mnt/pamoja`. Ukiambiwa si mahali pa maunti, wanaangalia folda ya kawaida ya kompyuta yao. Hatari ni kwamba wanaweza kuhifadhi kazi humo, na ukishamaunti zitafichika. Zuia hilo: wakati maunti haipo, endesha `chattr +i /mnt/pamoja`. Folda tupu haitakubali kuandikwa, na maunti itafanya kazi kama kawaida.

"Tunaanza sasa. Tuchague Gluster?" Kampuni ya Red Hat ilisitisha bidhaa yake ya Gluster mwishoni mwa mwaka 2024. Programu huru bado ipo, lakini pima vizuri kabla ya kuanza upya nayo. Ceph ina uhai zaidi, ila inataka mashine zenye nguvu: kila diski hutengewa kumbukumbu ya GB 4 kwa chaguo la msingi. Kwa maabara ya kompyuta 20 au 30, seva moja nzuri ya NFS na bakapu ya kila usiku hutosha. Hifadhi ndogo unayoielewa ina faida kuliko klasta ambayo hakuna mtu ofisini anayeweza kuiamsha.

## Ukimaliza, usiondoke bado

1. Endesha `gluster volume heal pamoja info`. Usizime seva yoyote hadi idadi ya faili zinazongoja iwe sifuri kwenye briki zote.
2. Andika faili kutoka kompyuta moja, isome kutoka nyingine.
3. Andika kwenye daftari: tarehe, mstari wa logi uliokuonyesha kosa, na ulichobadilisha.
4. Bandika ukutani orodha ya seva, anwani zao na diski zao kwa UUID.
5. Mfundishe mtu wa pili. Hospitali au sacco haifai kusimama kwa sababu fundi mmoja amesafiri.

Nawaomba jambo moja wiki hii. Chagueni saa ambayo ofisi haina kazi, hakikisheni hakuna faili zinazongoja kuponywa, kisha zimeni seva moja na muone kama watumiaji bado wanafungua faili zao. Wakishindwa, fuateni hatua saba na mrekebishe siku hiyohiyo, kabla mvua nyingine haijanyesha.